MTANDAO UKIKATIKA OFISINI: TUANZE NA WAYA ULIO MIGUUNI PETU

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaelezwa hapa namna ya kutambua hitilafu za nyaya za mtandao wa kompyuta, kabla ya kumwita fundi na kabla ya kumrudisha nyumbani mwananchi aliyefuata huduma.

Itakumbukwa kwamba tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani, na maofisini hapakuwa na la kufanya ila kusubiri mafundi wa baharini. Lakini si kila mtandao unapokatika kosa huwa ni la bahari.

Mwandishi wa maelezo haya alilishuhudia jambo hilo Ngarenaro, jijini Arusha, alipokwenda katika ofisi moja kufuata hati. Watu walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi, miongoni mwao bibi mmoja aliyeteremka kutoka vijiji vya Mlima Meru kwa nauli ya kuazima. Waliambiwa mkongo umekatika, warudi kesho. Kijana mmoja wa ofisi akainama chini ya meza, akakuta kabati lililosogezwa jana yake limeukalia waya. Waya ukabadilishwa, na bibi yule akaondoka na hati yake kabla ya adhuhuri.

Waya wa mtandao una nyuzi 8 za shaba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi 4. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumika jozi 2 tu. Kwa kasi ya megabiti 1,000 hutumika zote. Hivyo uzi mmoja ukikatika, pengine mtandao hauzimiki bali hupungua kasi, na mtumishi akadhani kompyuta yake imezeeka. Aidha, urefu kutoka swichi, yaani kisanduku cha kugawia mtandao, hadi kwenye kompyuta usizidi mita 100.

Hitilafu inapotokea, utaratibu ufuatao uzingatiwe:

Kwanza, iangaliwe taa ndogo iliyo kando ya tundu la waya. Ikiwaka, kompyuta na swichi zimeunganika. Ikiwa imezimika, waya, plagi au swichi ina kasoro, au swichi haina umeme.

Pili, plagi ichomolewe na kurudishwa mpaka isikike ikinasa. Ulimi wake wa plastiki ukiwa umevunjika, italegea kila meza inapoguswa. Kwetu visiwani, itazamwe pia kama unyevu na chumvi havijaishambulia.

Tatu, uwekwe waya mwingine unaojulikana kuwa mzima, kisha lijaribiwe tundu jingine la swichi. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilikuwa kibovu.

Nne, aulizwe jirani. Akiwa anapata mtandao, kosa liko kwako. Ikiwa ofisi nzima imekosa, ukaguliwe umeme wa swichi na wa rauta. Ikiwa kompyuta za ofisi zinawasiliana zenyewe kwa zenyewe lakini hazitoki nje, hapo ndipo mtoa huduma aarifiwe, akitajiwa saa ilipoanza hitilafu na taa zilizozimika.

Inatahadharishwa kwamba waya mmoja usichomekwe ncha zote mbili katika swichi moja, kwani taarifa zitazunguka bila kikomo na ofisi nzima yaweza kukwama. Nyaya zisilazwe sambamba na nyaya za umeme, zisikunjwe kwa nguvu, wala zisipitishwe chini ya miguu ya samani. Mkongo wa nyuzi za kioo usichunguliwe kwa jicho, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na waweza kudhuru macho.

Ukaguzi huu hauhitaji vifaa vya gharama, na mara nyingi huchukua dakika chache tu. Mwananchi naye, aambiwapo kuwa mtandao haupo, ana haki ya kuuliza kwa adabu kama nyaya zimekwisha kukaguliwa. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.