Tunza Haibiskasi Nayo Ikutunze

Ua la haibiskasi walijua. Ni lile jekundu ambalo mwalimu wa bayolojia hutuambia tulete darasani, tulipasue na kuhesabu petali zake tano. Kule Malaysia ndilo ua la taifa. Kwetu nyumbani lina kazi nyingine: mama huuza miche yake kando ya barabara hapa Kitale, na pesa hizo hunilipia sehemu ya karo. Mche wenye majani ya manjano haununuliwi ng'o! Ndiyo sababu nimeonelea niwaeleze wenzangu jinsi ya kuutunza.

Kwanza, mahali. Kwa nyanya Bungoma, kimo cha kama mita 1,400, haibiskasi hujimelea tu ikawa ua wa boma. Kitale iko juu zaidi, kama mita 1,900, na usiku baridi huuma. Mmea huu hupenda joto, kwa hivyo baridi huudumaza na majani yakawa manjano. Watu husema ati umerogwa. Wapi! Upande karibu na ukuta unaopigwa na jua.

Pili, chungu. Hata sufuria kuukuu yafaa, bora itobolewe chini. Changanya udongo mweusi wa juu, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Chomeka kidole, ukikuta udongo mkavu, mwagilia. Maji yakituama mizizi huoza, na kiu ikizidi matumba hudondoka kabla ya kuchanua.

Tatu, mbolea. Huku kwetu masazo ya DAP ya mahindi hayakosekani. Usiitie! Ina fosforasi nyingi mno, na haibiskasi haiipendi. Samadi yatosha.

Nne, kupogoa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, basi asiyekata matawi huvuna majani. Pogoa mvua zinapoanza, mwezi wa Machi au Aprili. Vipande usitupe. Kata vya urefu wa shibiri, ondoa majani ya chini, vichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kivulini. Baada ya majuma kadhaa vitatoa mizizi, nawe una miche ya kuuza.

Mwisho, vidukari. Hawa hujificha chini ya majani wakifyonza utomvu. Waoshe kwa maji ya sabuni jioni.

Ua likinyauka usihuzunike; kwa kawaida hudumu siku moja tu, na kesho huchanua jingine. Haba na haba hujaza kibaba. Anza na chungu kimoja mlangoni.