Kompyuta moja, kazi ya tatu

Wanafunzi wenzetu, kununua kompyuta tatu na kuzifikisha hapa Kongolo ni mzigo mukubwa. Lakini moja inaweza kutumika kama tatu. Namna gani? Tunaiona kama nyumba yenye wageni: Linux ndiyo mwenyeji, na kila mgeni ni kompyuta ya ndani, yenye programu zake mwenyewe. Kazi ya kuwapokea inafanywa na KVM, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2007.

Mwenyeji tulimuchagua Alpine Linux sababu ni mwepesi: anaomba karibu megabaiti 130 tu za diski, tena hali kumbukumbu nyingi. Kwenye gigabaiti 4, kila mgeni anapata 1, na mwenyeji anabaki na 1. Kwanza hakikisha prosesa inakubali: katika /proc/cpuinfo tafuta vmx kwa Intel, ao svm kwa AMD.

Lakini kuwaka si kushinda. Umeme ukikatika, wote wanazimika pamoja. Basi jaribio la kweli ni hili: weka nakala ya kila mgeni kwenye diski ingine, futa mmoja, halafu umurudishe. Akirudi na kazi yake yote, ndipo tumukabizi masomo yetu.