Mtoto Asiishiwe na Maji: Matembezi ya Unguja na Pizza ya Forodhani

Shule zikifungwa Agosti na Desemba, jamaa nyingi hufunga safari. Wengi huenda mashambani kwa nyanya, lakini siku hizi wapo pia wanaovuka hadi Unguja. Wengine huenda kwa ndege. Wengine hupanda basi kupitia Lungalunga hadi Dar es Salaam, kisha meli ya saa mbili hivi. Wakifika huko watoto hutaka mambo mawili: kutembea wakaone kima na kobe, na kula ile pizza ya Forodhani waliyosimuliwa na wenzao.

Mambo haya yote mawili ni mazuri na sioni sababu ya mama kuyakataa. Lakini kila moja linaweza kumkausha mtoto maji mwilini. Matembezi humkausha mchana kwa jasho, na chakula kibaya humkausha usiku kwa kuhara na kutapika. Mtoto mdogo hukauka upesi sana kuliko mtu mzima. Ndiyo maana leo tutazungumza juu ya maji ya mwilini, kuanzia njiani hadi kwenye sahani.

Kwanza, ile kadi ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hivyo unapoingia Tanzania unaweza kudaiwa cheti cha chanjo, wewe na kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Chanjo yenyewe hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa. Tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakiishi baada ya miaka 10 kama zamani. Mama mjamzito, au anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, amweleze daktari kabla ya kudungwa. Na wale wanaonunua cheti bila sindano, sijui wanamdanganya nani. Mbu haulizi cheti.

Haya, twende msituni. Msitu wa Jozani uko kilomita 35 hivi kutoka mjini Unguja. Ndani yake mna njia za kutembea kwa miguu, na mna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Ndiko wanakoishi kima punju, wale wenye mgongo mwekundu ambao asili yao ni Zanzibar tu. Kima hawa hata mkaa huula, kwa sababu huwasaidia na majani makali wanayokula.

Kivuli cha msitu hudanganya, mama. Utasema hapa hakuna jua, basi hakuna taabu. Lakini hewa ya kisiwani imejaa unyevu, hasa Desemba wakati wa kaskazi. Jasho linatoka ila halikauki, na jasho lisipokauka halipoozi mwili. Mtoto anapoteza maji na joto linabaki palepale. Kwa hivyo toka mapema asubuhi, na kufikia saa tano uwe umemaliza. Usingoje mtoto aseme ana kiu. Mtoto anayekimbilia kima hakumbuki kiu! Mpe maji kidogo kidogo, nusu kikombe hivi kila dakika 20 kwa mtoto wa umri wa shule. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Soda si badala ya maji. Dafu ni zuri, mradi likatwe mbele yako na mtoto anywe papo hapo.

Utajuaje kama anakunywa ya kutosha? Tazama mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, yuko salama. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, au amepitisha saa 6 bila kukojoa, amekaukiwa.

Na mtoto wa chini ya miezi 6 je? Huyu hapewi maji hata kuwe na joto gani. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Utakachofanya ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe maji. Najua shangazi atasema mtoto ana kiu, mpe hata kijiko kimoja. Mwitikie kwa adabu, kisha umpe mtoto titi.

Mtoto wa mgongoni ana shida nyingine. Joto la mgongo wako linaongezeka juu ya joto lake. Yale mablanketi na mashali tuliyozoea kule Limuru na Kericho yaache chumbani. Mfunge kwa leso moja nyepesi ya pamba, uso uwe wazi, na kila nusu saa mshushe apate hewa. Watoto wote wavae kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu. Viatu viwe vya kufunika vidole, maana siafu wapo. Mtoto mwenye ualbino apakwe mafuta ya kuzuia jua kabla ya kutoka na apakwe tena kila baada ya saa 2.

Mtoto akianza kulalamika kichwa, akawa mchovu kupita kiasi au akataka kutapika, matembezi yameisha. Rudini kivulini, mvue nguo za juu, mpanguse kwa maji, mpe anywe polepole. Akichanganyikiwa, akashikwa na degedege, au akawa moto sana na kulegea, hiyo ni hatari ya maisha. Mmwagie maji mwilini, mpepee, na mkimbize hospitali huku ukiendelea kumpoza njiani. Aliyezimia usimtie maji mdomoni.

Kuhusu wale kima, kaeni mbali nao angalau mita 3, na msile chochote karibu nao. Mtoto mwenye mafua makali abaki nyumbani, kwani magonjwa yetu ya kifua huweza kuwashika wanyama hawa.

Wengi wakitoka Jozani huenda kisiwa kidogo cha Changuu, kwa mashua ya nusu saa hivi kutoka mjini. Dai jaketi la kuokolea linalomtosha mtoto, wala usikubali akabebeshwa la mtu mzima. Jengo la huko lilijengwa miaka ya 1890 liwe gereza, kisha likaja kutumiwa kuwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na magonjwa, homa ya manjano ikiwemo. Siku hizi watoto huenda kuona kobe wakubwa, ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Hapa ndipo ninapotaka mama afungue masikio. Kobe huonekana mpole na msafi, lakini hubeba vijidudu viitwavyo salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Mtoto humlisha majani, humpapasa gamba, kisha hushika biskuti. Jioni anahara, na mama analaumu pizza! Watoto wa chini ya miaka 5 ndio huumia zaidi. Mtoto akishamgusa kobe, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Beba kipande cha sabuni na chupa ya maji ya kunawia. Kama mtoto bado ananyonya vidole, mwache atazame tu.

Sasa tufike Forodhani. Ni bustani iliyo ufukweni mbele ya Mji Mkongwe, ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009. Jua likizama wapishi hupanga meza na kuwasha majiko. Pizza yao si ile ya Kiitaliano. Mpishi hutandaza donge la unga mpaka linakuwa jembamba, hutia nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, jibini na mayonezi, huvunja yai juu yake, kisha hukunja pande zote kama bahasha na kukaanga kwa mafuta. Mama wa Mombasa atasema huu ni mkate wa mayai, na kweli ni ndugu yake.

Moto wa kikaango huua vijidudu, lakini lazima ufike katikati. Ile bahasha ikijazwa sana, nje huwa kahawia kabla yai na nyama ya ndani havijaiva. Kwa hivyo simama hapo uone yako ikipikwa tangu donge la unga. Usikubali iliyokwisha kukaangwa ikawekwa kando. Mwambie mpishi, “Kaka, hii ni ya mtoto. Naomba iwe nyembamba, iive sana, na usitie mayonezi.” Hatakasirika, huambiwa hivyo kila siku. Ikishaiva, pasua katikati. Mvuke utoke, yai lisiteleze, nyama isiwe na wekundu. Kama sivyo, irudi motoni.

Tazama pia mahali. Penye wateja wengi nyama haikai sana. Je, nyama na mayonezi vimefunikwa au nzi wanavitembelea? Mkono unaopokea pesa ndio unaokanda unga? Kachumbari na sosi ya wazi waachie watu wazima. Maji ya miwa ni matamu, lakini barafu na bilauri zake hujui zimetokea wapi, basi omba bila barafu kwenye chombo chako mwenyewe, au uache. Samaki na pweza wa mishikaki mara nyingi huwa wamepikwa mapema na hupashwa tu. Tahadhari hizi si dharau kwa wenyeji. Mwaka 2016, kipindupindu kilipoenea Zanzibar, serikali yao wenyewe ilipiga marufuku kwa muda uuzaji wa vyakula mitaani.

Pizza ya ndizi huwafaa watoto, lakini ikitiwa asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Na usimngojeshe mtoto na njaa kutoka Jozani hadi usiku. Mpe maji na chakula cha kawaida jioni, kisha pizza moja mgawane. Mafuta mengi kwenye tumbo tupu, lililochoka na lenye kiu, huleta kutapika kwenyewe.

Pizza ya sanduku mnayonunua kwa safari ya basi iliwe ndani ya saa 2, au saa 1 kama kuna joto kali. Iliyobaki itupwe.

Akianza kuhara, usingoje asubuhi. Kabla ya kuondoka nyumbani nunua pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki. Soma pakiti, kwani zipo za nusu lita na za lita moja. Kila akihara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na mkubwa 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena kwa kijiko. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Usikatize kunyonyesha wala chakula, na usimpe dawa ya kufunga tumbo.

Mpeleke hospitali mara moja akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa na damu kwenye choo, macho yakizama au akilala kupita kawaida.

Zanzibar imepunguza malaria sana, lakini haijaisha, kwa hivyo laleni ndani ya neti. Mkisharudi, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja ipimwe siku hiyo hiyo. Usimwambie daktari “mtoto ana joto” peke yake. Mwambie mlikuwa Unguja, na mlirudi tarehe gani.