OJALÁ: Neno lilibaki, maana ikasahaulika



Ndugu Waislamu, Mhispania akitamani jambo liwe, hutamka kwa hisia: ¡Ojalá! Kwa kanuni ya maandishi yao, tamko la namna hii huwekewa alama mbili za mshangao, moja iliyopinduliwa mwanzoni na nyingine mwishoni. Herufi j husomwa kwa sauti iliyo karibu na kha ya Kiarabu, na kistari kilicho juu ya a ya mwisho huonesha kuwa sauti hukazwa hapo. Zamani liliandikwa kwa x, oxalá, na Wareno huliandika hivyo mpaka leo. Maana yake ni "laiti" au "Mungu ajaalie".

Neno hili asili yake ni Kiarabu. Waislamu walivuka bahari kuingia Hispania mwaka 711 chini ya Tariq bin Ziyad, na dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania inalirejesha ojalá kwenye Kiarabu cha Andalusia: law shaa Llah. Wengi hudhani kuwa ni "inshaallah" yenyewe. Sivyo hasa, kwani limeanza na "lau", neno ambalo sisi Waswahili pia tumelipokea.

Hapa pana mazingatio. Mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili alipiga marufuku Kiarabu huko Granada, na baina ya mwaka 1609 na 1614 wazao wa Waislamu wakafukuzwa nchini. Lugha ikazimwa, watu wakatolewa, lakini jina la Allah likabaki limejificha ndani ya neno. Leo hulitamka Mkristo, na hata asiyeamini Mungu, bila ya kujua anachokitaja.

Lipo tamko jingine, ¡olé! (au ole, kwani yote mawili ni sahihi), ambalo husikika viwanjani. Wapo wanaosema kuwa ni "wallahi". Federico Corriente, bingwa wa Kiarabu cha Andalusia aliyefariki mwaka 2020, hakulikubali dai hilo. Basi nasi tusilieneze kwa kuwa tu linatufurahisha. Qur'ani, katika Suratul Israa aya ya 36, inatukataza kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo.

Ndugu msomaji, tusiwastaajabie Wahispania kabla ya kujitazama. Wao walipokonywa lugha iliyobeba maana. Sisi nani ametupokonya? Mtoto humwomba baba yake daftari, akajibiwa "inshaallah", naye akaondoka kichwa chini, kwa kuwa ameshazoea kuwa jawabu hilo ni "hapana" iliyopambwa. Fundi huahidi nguo Ijumaa, "inshaallah", hali hajaikata. Jina tukufu limefanywa pazia la kufichia uongo.

Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu anatufunza tusiseme kuwa tutafanya jambo kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa Yake. Hayo ni mafunzo ya unyenyekevu kwa mwenye nia ya kutenda, wala si ruhusa ya kukwepa ahadi. Na Mtume (S.A.W.) ametaja kuvunja ahadi miongoni mwa alama za mnafiki.

Basi wazazi, tuwafundishe watoto kuwa inshaallah ni maneno matatu: in, yaani ikiwa, shaa, yaani ametaka, na Allah. Kisha tuwafundishe kwa vitendo. Asiyeweza kununua daftari aseme hana uwezo, na mtoto ataelewa. Anayesema inshaallah ainuke akalitafute. Kinyume cha hivyo, neno litabaki vinywani mwa wajukuu zetu, na maana yake itakuwa imekwisha kuhama.