Sindano Yenye Malaria, na Waliokubali Kudungwa

Kati ya mwaka 2016 na 2018, watu wazima 161 kutoka Kilifi na Ahero, nchini Kenya, walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria. Walielezwa waziwazi kilichomo kwenye sindano. Kisha wakakaa bwenini Chuo Kikuu cha Pwani, wakipimwa damu mara kwa mara hadi walipopewa dawa. Watafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust walitaka kuona jinsi kinga ya mtu aliyekulia penye mbu inavyofanya kazi. Kati ya 142 waliohesabiwa kwenye matokeo, 33 hawakukutwa na kimelea hata kimoja.

Kwa nini walikubali?

Mitaani jibu ni jepesi: pesa. Ni kweli walilipwa fidia, na walipohojiwa, wengi hawakuficha kwamba ilikuwa na uzito. Lakini walitaja pia kupimwa afya bure, hamu ya kujua, na nia ya kusaidia chanjo ipatikane. Wanasaikolojia wa Marekani, Clary na Snyder, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 1998 orodha ya sababu sita za kujitolea: msimamo wa moyoni, kujifunza, kutafuta njia ya ajira, kuwa pamoja na watu, kujiona wa thamani, na kujiondolea majonzi. Ni nadra mtu kusukumwa na moja tu, hivyo kuuliza kama ni pesa au ni moyo ni kuuliza vibaya.

Watazame pia wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini Kilifi kuwa kiungo kati ya wanakijiji na KEMRI-Wellcome Trust. Hupewa nauli, mshahara hawana. Wao ndio hukutana na minong'ono ya damu kuchukuliwa, ndugu wa hadithi za mumiani zilizotisha pwani tangu ukoloni. Wengine hushukiwa na majirani kwamba wanakula pesa kisirisiri. Wanachovuna ni maarifa na heshima barazani. Na kwa baadhi yao, tusidanganyane, tumaini la kazi.

Malipo kidogo, hata hivyo, yaweza kuharibu. Wachumi Gneezy na Rustichini walionyesha mwaka 2000 kwamba wanafunzi wa Israeli walioahidiwa asilimia 1 ya michango waliyokusanya walikusanya kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa chochote. Senti zikiingia, mtu huanza kupiga hesabu ya jasho lake.

Hesabu hiyo sasa inawahusu wahamasishaji wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi walizunguka nyumba hadi nyumba kwa kujitolea. Mwaka 2023 serikali ikawawekea posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Kila mmoja hukadiriwa kuhudumia kaya 100: yaani shilingi 50 kwa kaya, nauli ya bodaboda ikiwa humo humo.