Baridi ya Tunduma isikufanye usahau kumpa mtoto maji

Miezi ya Juni na Julai, asubuhi za Tunduma huanza kwa sweta, kofia na chai ya moto. Watoto hutoka kwenda shule upepo mkavu ukiwapiga usoni, na ni wachache wanaokumbuka kunywa maji. Jioni wakirudi, baadhi yao hulalamika kichwa kinauma, wamechoka au hawana hamu ya kula.

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa, hilo halina mjadala. Lakini asiye na homa, swali la kwanza la kumuuliza ni jepesi: leo umekunywa maji mara ngapi?

Mara nyingi jibu litakuwa mara moja, au hakuna kabisa.

Kwa nini kiu hupotea

Tunduma ipo juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba hewa yake huwa kavu. Ule mvuke unaoonekana ukitoka mdomoni alfajiri ni maji ya mwili yanayoondoka kwa kila pumzi. Mtoto anayekimbia uwanjani hupumua haraka zaidi, hivyo hupoteza maji zaidi.

Baridi nayo ina ujanja wake. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi husinyaa ili kutunza joto, damu nyingi hukusanyika katikati ya mwili, na mwili hujiona una maji ya kutosha. Kiu hupungua, huku figo zikiendelea kutoa mkojo mwingi. Ndiyo maana mtoto anaweza kwenda haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida, na bado asiombe maji.

Ukishuka bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba wilayani Momba, hali ni tofauti. Kule joto na jasho humkumbusha mtu kunywa. Wa Tunduma, Vwawa na Ileje hana kengele hiyo, kwa hiyo mzazi ndiye anayepaswa kukumbusha.

Anahitaji kiasi gani?

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka viwango vinavyoweza kumsaidia mzazi kukadiria. Mtoto wa miaka 2 hadi 3 anahitaji lita 1.3 kwa siku, na wa miaka 4 hadi 8 lita 1.6. Kuanzia miaka 9 hadi 13, msichana anahitaji lita 1.9 na mvulana lita 2.1. Mwanamke mtu mzima anahitaji lita 2 na mwanamume lita 2.5. Mama anayenyonyesha huongeza takriban mililita 700.

Viwango hivyo vinajumlisha maji yaliyomo kwenye chakula, ambayo ni kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la pili anahitaji kunywa takriban glasi tano za mililita 250 kwa siku. Uji, maziwa, supu na chai isiyo kali vyote vinahesabiwa. Soda isiwe mbadala wa maji kwa sababu ya sukari yake nyingi.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maji. Maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa joto.

Kipimo kingine cha nyumbani ni mkojo. Ukiwa na rangi ya njano iliyofifia, mambo ni mazuri. Ukikolea kama chai ya rangi, mtoto anywe maji.

Maji ya kunywa yatengwe kwanza

Kwa familia inayonunua maji kwa dumu, kunywa huweza kuwa jambo la mwisho baada ya kupika, kuosha vyombo na kufua. Hesabu yake hata hivyo si kubwa. Baba, mama na watoto watatu wenye umri wa miaka 10, saba na mitatu hunywa karibu lita 8 kwa siku. Hiyo ni chini ya nusu ya dumu la lita 20. Yatengwe hayo kwanza, kisha kinachobaki kigawanywe kwa kazi nyingine.

Yachemshwe hadi yatokote. Kwa urefu wa Tunduma, maji hutokota yakiwa kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, lakini hilo lisimpe mtu wasiwasi: yakitokota kwa dakika moja, vimelea vya magonjwa hufa. Yahifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, ili mikono na vikombe visizamishwe ndani.

Asubuhi ya baridi, usimlazimishe mtoto kunywa maji yanayouma meno. Mpe ya uvuguvugu kabla hajatoka, kisha mfungashie chupa.

Shuleni na safarini

Chupa ikirudi imejaa, usikimbilie kugomba. Wapo watoto, hasa wasichana, wanaojizuia kunywa kwa sababu wanaogopa kwenda kwenye choo kichafu au kisicho na mlango. Kujizuia huko huleta choo kigumu na huongeza uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo. Mwulize mtoto taratibu, kisha suala hilo lifikishwe kwenye kikao cha wazazi.

Safarini ni hivyo hivyo. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na abiria wengi hawanywi kitu kwa hofu ya kumsumbua dereva kwa kuchimba dawa. Mtoto apewe maji kidogo kidogo njiani, na kila basi linaposimama ashushwe akajisaidie.

Mwenye seli mundu asikose maji

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na seli mundu. Kwa watoto hawa, baridi na upungufu wa maji ni vichocheo viwili vya maumivu makali, na msimu wa kipupwe huvileta vyote kwa pamoja. Wavalishwe nguo za kutosha, wanywe mara kwa mara, na mwalimu aarifiwe ili awaruhusu kunywa maji na kwenda chooni hata wakati wa kipindi.

Anapoharisha

Hapa ndipo upungufu wa maji huweza kuua kwa muda mfupi. Anza ORS mapema, usisubiri mtoto alegee. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, na mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe.

Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi. Anayenyonya aendelee kunyonya, na kituo cha afya kitampa vidonge vya zinki.

Mpeleke mtoto hospitali bila kuchelewa ukiona macho yamezama, analia bila machozi, utosi wa mtoto mchanga umebonyea, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, kinyesi kina damu, au hajakojoa kwa saa sita. Mkiwa njiani, endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza.