Nipo: Kujifunza kuwapo mbele za Mungu na jirani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza kwa nini Mkristo hawezi kuiachia Jumapili peke yake kazi ya sala. Leo naligusa neno tunalolitamka kila siku bila kulipima.

Ukikutana na mtu njiani Balangdalalu, wilayani Hanang, awe Mwiraqw au Mdatoga, atakuuliza kwa Kiswahili, "Upo?" Nawe utaitika, "Nipo." Waliosoma sarufi wanajua kwamba -po huonyesha mahali dhahiri, na -ko mahali pasipo dhahiri. Anayesema "niko shambani" huenda yu popote huko shambani. Anayesema "nipo" amejifunga: mwili, macho na moyo vi hapa hapa. Ni mara ngapi tumeitika tupo, kumbe tuko kwingine?

Jioni moja nilikuwa mgeni katika boma la mzee mmoja wa Kidatoga. Ng'ombe walikuwa wakirudi, vumbi limetanda, naye amesimama kwenye lango la zizi, fimbo mkononi. Mimi nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu huku nikimuuliza habari za mvua. Hakunijibu. Hakuwa na hasira, alikuwa anatazama. Hakuhesabu kwa vidole wala kwa mdomo. Kundi lilipokwisha kuingia, akamwambia kijana wake, "Yule mtamba mwekundu mwenye baka pajini hayumo." Kijana akarudi njiani, na kabla giza halijaingia akaja naye. Ndipo mzee akanigeukia, akanishika mkono: "Haya mgeni wangu, sasa niulize."

Niliona haya. Yeye alikuwapo pale langoni. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

Usiku ule niliusoma upya mfano wa kondoo aliyepotea, Luka sura ya 15. Tumezoea kuhubiri juu ya mchungaji aliyewaacha 99 akamtafuta mmoja. Lakini kabla ya kumtafuta ilimbidi ajue kwamba hayumo. Katika kundi la 100, pengo la mmoja halionekani kwa mtu ambaye mawazo yake yako mnadani. Upendo wa mchungaji yule ulianzia langoni, katika kutazama.

Musa naye alikuwa kazini, akichunga kundi la mkwewe Yethro, alipokiona kijiti kikiwaka bila kuteketea. Kutoka 3:4 ina jambo tunalolipita haraka: Mungu alimwita baada ya kuona kwamba amegeuka kutazama. Naye Musa akaitika kwamba yupo. Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, alifanya kazi jikoni kwa miaka mingi, akajizoeza kuzungumza na Mungu kati ya masufuria kama mbele ya altare.

Asiseme mtu kwamba haya ni ya wenye nafasi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na Injili ya siku hiyo kwa Wakatoliki, Marko sura ya 13, inatuhimiza kukesha. Wengi huisikia kama tishio. Mimi naisikia kama wito wa kutomwahirisha mtu. Neno jema lililowekwa akiba Jumamosi jioni, huenda asubuhi halikumkuta wa kuambiwa.

Basi tuanzie wapi? Chagua lango moja la siku yako: kukamua alfajiri, kuwagawia watoto uji, au kufunga zizi. Hapo weka simu kando. Mtazame kila aliye mbele yako, mtaje jina moyoni, umkabidhi kwa Mungu, mmoja baada ya mwingine. Ukigundua mawazo yametoroka, usijipige. Yafuate njiani, uyarudishe taratibu kama kijana yule alivyomrudisha mtamba wa baba yake.

Kesho mtu akikuuliza, "Upo?", simama kidogo kabla ya kuitika.

Itaendelea wiki ijayo: Kuwapo kando ya kitanda cha mgonjwa.